Jiwe Linalohesabu Wakati Chini ya Boneti

Kila majira ya baridi, kampuni za magari za Ulaya hupeleka magari yao ya majaribio Arjeplog, mji mdogo wa kaskazini mwa Uswidi. Maziwa ya huko huganda hadi yakaweza kubeba magari, na usiku baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri, mara nyingine zaidi. Gari huachwa nje usiku kucha. Asubuhi dereva anaingia, anageuza ufunguo, na kabla injini haijazunguka hata mara moja, kipande cha jiwe chenye unene usiofika sehemu ya kumi ya milimita kinatakiwa kianze kutetema. Betri imelegea kwa baridi, starta inavuta umeme wote, volti zinaporomoka. Jiwe lisipotetema, chipu inayoongoza injini haina mapigo ya kufuata, na bila mapigo haitekelezi hata amri yake ya kwanza. Haiwezi hata kuwasha ile taa ya manjano ya kumwambia dereva kwamba kuna hitilafu. Ndiyo maana chipu nyingi za magari siku hizi zina saa ya akiba ndani yake, isiyo sahihi sana, ya kuamkia na kupigia kelele pale saa kuu inaponyamaza.

Jiwe hilo pamoja na sakiti inayolisukuma ndiyo osileta. Wakati mwingine vyote viwili huja vimefungwa ndani ya kikasha kimoja cha kauri, milimita 3.2 kwa 2.5 au pungufu. Wakati mwingine mhandisi hununua kristali peke yake na kuiachia chipu kuu kazi ya kuisukuma. Gari la kisasa lina nyingi: ya injini, ya breki, ya mifuko ya hewa, ya kamera, ya redio. Bei ya kila moja ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya gari, na kwa sababu hiyo watu wengi huichagua mwishoni, kwa haraka, kwa kutazama namba moja tu iliyoandikwa juu ya karatasi ya sifa. Lakini wako wahandisi wanaoichagua kwanza, kwa utulivu, wakiiwazia saa yake mbaya kuliko zote katika miaka kumi na mitano ijayo. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Jiwe lenyewe ni kwatsi, lile ambalo jina lake huandikwa kwenye nyuso za saa za mkononi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba ukiliminya linatoa chaji ya umeme. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake: ukilipa umeme, linabadilika umbo. Mmarekani Walter Cady alitumia tabia hiyo mwaka 1921 kuidhibiti sakiti ya redio ili mapigo yake yasiyumbe, na mwaka 1927 Warren Marrison wa maabara za Bell akatengeneza saa ya kwanza ya kwatsi.

Uzuri wa ufundi huu umo katika kukata. Ukikata jiwe kiholela, mapigo yake yatabadilika kwa kila nyuzi ya joto inayoongezeka au kupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Issac Koga huko Tokyo na watafiti wa Bell huko Marekani, kila upande kivyake, waligundua kwamba kuna pembe moja ambapo athari za joto karibu zinafutana. Ni nyuzi 35 na dakika 15 kutoka kwenye mhimili mkuu wa jiwe, na mkato huo unaitwa AT mpaka leo. Uchoree mstari wake wa joto na utaona unapanda kutoka kwenye baridi kali, unageuka na kushuka polepole ukipita joto la chumba, kisha unapanda tena upande wa joto kali. Ukihamisha pembe kwa dakika moja, yaani sehemu ya sitini ya nyuzi moja, mikia ya mstari huo inasogea kwa kiasi kinachopimika. Kwa hiyo kiwandani hutumiwa mionzi ya eksirei kuona jinsi atomu zilivyojipanga kabla msumeno haujagusa jiwe, na kristali ya gari, inayotakiwa kuvumilia kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 125 juu yake, hukatwa kwa pembe iliyotofautiana kidogo na ya kristali ya runinga ya sebuleni. Kasi ya mapigo inatokana na unene. Kwa mapigo milioni 20 kwa sekunde, yaani megahezi 20, jiwe lazima lisagwe hadi milimita 0.083.

Historia ya namna jiwe hilo linavyozeeka ndiyo inayonivutia zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilihitaji kristali kwa mamilioni kwa ajili ya redio za vifaru, ndege na askari wa miguu. Mawe mengi yalitoka Brazili, yakasagwa katika karakana zilizoanzishwa upesi, mengine mikononi mwa watu ambao jana yake walikuwa wakifanya kazi nyingine kabisa. Kristali zilipimwa, zikapita, zikawekwa ghalani. Baada ya miezi kadhaa nyingi zilikuwa zimehama kutoka kwenye mapigo yake au zimekufa kabisa, bila hata kutumika. Mwanafizikia Virgil Bottom alikuwa miongoni mwa walioufuatilia mkasa huo hadi kwenye ngozi ya jiwe. Unga wa kusagia ulikuwa unaacha uso uliopasukapasuka kwa udogo usioonekana. Unyevu uliingia kwenye nyufa hizo, chembe zikabanduka, jiwe likapungua uzito, na jiwe likipungua uzito linatetema haraka zaidi. Dawa ikawa kuacha kusaga kabla ya kufika kipimo, kisha kumalizia kwa kemikali inayolamba tabaka lililojeruhiwa hadi kubaki jiwe zima.

Somo hilo la wakati wa vita limo ndani ya kila kristali nzuri ya leo. Siku hizi kwatsi ya kazi hii hukuzwa kiwandani, ndani ya mitungi mizito ya chuma yenye maji ya alikali, joto la nyuzi 350 hivi na shinikizo linalozidi angahewa 1,000, kwa wiki nyingi, juu ya kipande kidogo cha mbegu. Jiwe likishakatwa, kumaliziwa kwa kemikali na kupakwa elektrodi za metali, hushikizwa kwa matone mawili ya gundi yenye fedha, kisha kikasha kinafungwa ndani ya naitrojeni au ombwe. Kuanzia hapo adui ni wadogo mno: mvuke uliosalia kwenye gundi, mkazo uliobaki kwenye kishikio, tundu la kuvuja lisiloonekana. Kristali hubadilika haraka mwaka wa kwanza, kisha mwendo wake unapungua mwaka hadi mwaka. Mtengenezaji anayeandika badiliko la mwaka wa kwanza peke yake amekupa sehemu ndogo ya habari. Yule anayeandika la miaka kumi, tena kwenye joto la nyuzi 85, ndiye wa kuzungumza naye.

Sasa mhandisi anakaa mezani na kupiga hesabu. Anaanza na kinachohitajika. Mtandao wa CAN, ule ulioletwa na Bosch mwaka 1986 na ambao bado unaunganisha breki na injini za magari mengi, unavumilia kosa la kiasi cha nusu ya asilimia au hata zaidi, kutegemea kasi yake. Etheneti inataka kosa lisizidi sehemu 100 kwa milioni. Kipokezi cha setilaiti za GPS hudai osileta yenye kurekebisha joto, inayokaa ndani ya sehemu moja au mbili kwa milioni, mara nyingi nusu tu. Kisha anajumlisha anachopewa: kosa la kiwandani, tuseme 10, badiliko la joto kutoka Arjeplog hadi mkabala na injini, tuseme 50, uzee wa miaka yote ya gari, msogeo unaotokea bodi inapopita kwenye tanuri la kulehemu la nyuzi 260, na kosa la kapasita mbili zinazopangwa kando ya kristali. Hilo la mwisho husahauliwa sana. Kristali iliyopimwa kiwandani kwa mzigo wa pikofaradi 12 huhitaji mzigo huohuo kwenye bodi. Kapasita mbili za 18 zikifuatana zinatoa 9, na njia za shaba pamoja na miguu ya chipu zinaongeza kama 3. Mtu akisahau hizo 3, saa yake haipigi kipimo tangu siku ya kwanza, nalo jiwe halina kosa lolote.

Lakini usahihi, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu rahisi. Saa ya injini iliyokosea sehemu 80 kwa milioni bado itawasha gari, lakini isipoanza kabisa gari halitoki. Kwa hiyo mhandisi ninayemstahi hutumia muda wake mwingi kwenye kuanza. Kristali ni kama bembea: inapoteza nguvu kidogo kila mzunguko, na sakiti lazima iisukume kwa nguvu inayozidi kile kinachopotea, la sivyo mtikisiko mdogo wa mwanzo unafifia badala ya kukua. Upotevu huo huandikwa kwenye karatasi kama ukinzani, kwa omu. Swali ni je, sakiti ina nguvu mara ngapi zaidi ya ukinzani huo?

Namna ya kulijibu inapendeza kuitazama. Anachukua bodi halisi ya kazi, anang'oa kristali upande mmoja, na kati yake na njia ya shaba analehemu rezista ndogo. Anawasha umeme. Kristali inaanza. Anazima, anang'oa rezista, anaweka kubwa zaidi, anawasha tena. Anaendelea hivyo, omu mia, mia mbili, mia nne, akikaza macho kwenye skrini, hadi mara ile mstari unapobaki umelala. Rezista ya mwisho iliyokubali, ukijumlisha na ukinzani wa kristali yenyewe, ndiyo nguvu ya sakiti. Wahandisi wa magari hutaka iwe angalau mara tano ya ukinzani mkubwa kabisa unaoruhusiwa na karatasi. Kisha bodi inaingia kwenye kabati la joto na zoezi zima linarudiwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, halafu kwenye 125, kwa volti ya juu na kwa volti ya chini, maana transista hudhoofika zikipata joto na volti huanguka wakati wa kupiga starta. Ni kazi ya kuchosha, na mtu akiiruka hakuna atakayejua kwa mwaka mzima.

Kuna pia ugonjwa ambao nauita usingizi, kwa kuwa sijui jina linaloufaa zaidi. Chembe ya vumbi au ukucha wa metali uliobaki juu ya jiwe unaweza kuliongezea ukinzani pale tu mtikisiko ukiwa mdogo mno. Jiwe likishaanza kutetema kwa nguvu, chembe inajisogeza na kila kitu kinakuwa sawa. Gari likilala wiki tatu, jiwe linalala nalo. Asubuhi haliwaki, fundi anagonga kasha la kompyuta ya gari kwa bisibisi, linawaka, na hakuna kipimo kitakachoonyesha kosa tena. Kinga ni kununua kutoka kwa mtengenezaji anayepima ukinzani wa kila kristali kwa nguvu ndogo hadi kubwa, na kumuuliza wazi kabla ya kutia saini. Ugonjwa wa pili unafanana na huo: jiwe lina namna nyingi za kutetema, na kwenye nyuzi fulani moja ya joto, labda 67 tu, namna isiyotakiwa inalingana na ile inayotakiwa na kuinyang'anya nguvu. Ukipima kwenye 25, 85 na 125, huoni kitu. Gari likipata moto taratibu kila asubuhi linapita palepale. Mhandisi makini huamuru joto lipandishwe polepole huku mapigo yakirekodiwa bila kukatizwa.

Mtikisiko wa barabara unaleta hoja nyingine, na hapo ndipo silikoni ilipoingia. Badala ya kwatsi, kipande kidogo sana cha silikoni kinachongwa ndani ya bamba lilelile la kutengenezea chipu. Njia ya kuchonga mashimo yenye kuta wima ilibuniwa Bosch, Ujerumani, katika miaka ya 1990, na bado inaitwa kwa jina la kampuni hiyo. Kwa kuwa kipande chenyewe hakina uzito wa kutajika, mishtuko na mitetemo haikitikisi kama inavyolitikisa jiwe. Ubaya wake ni kwamba mapigo ya silikoni tupu huhama kama sehemu 30 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo lazima kuwe na kipimajoto na sakiti ya kusahihisha muda wote, na usahihishaji huo huacha mtetemeko mdogo katika mapigo. Kwa kamera iliyofungwa karibu na gurudumu, au mashine ya kuchimba miamba, mimi ningechagua silikoni bila kusita. Kwa redio inayotaka sauti safi, bado ningekwenda kwenye jiwe.

Na silikoni nayo ina saa yake mbaya, iliyojulikana kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2018, katika hospitali moja ya jimbo la Illinois, Marekani, mashine mpya ya MRI ilikuwa ikisimikwa na heliamu ikavuja ndani ya jengo. Simu za iPhone na saa za Apple za wafanyakazi zikazimika, kama 40 hivi, huku simu za aina nyingine zikiendelea. Atomu za heliamu ni ndogo kiasi cha kupenya kuta za kikasha cha osileta ya silikoni na kuharibu ombwe lake. Simu nyingi zilirudi zenyewe baada ya siku kadhaa, gesi ilipotoka. Sasa baadhi ya watengenezaji hutangaza bidhaa zinazohimili heliamu. Anayechagua saa ya kifaa cha kupimia uvujaji kiwandani, ambako heliamu ndiyo gesi ya kazi, anapaswa kuijua habari hiyo kabla hajafungua katalogi.

Viwandani na kwenye mita za umeme kuna ndugu mwingine mdogo, kristali yenye umbo la uma wa meno mawili inayopiga mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi na tano, kwa hiyo sakiti ikiigawa nusu kwa nusu inafika pigo moja kwa sekunde. Inakula umeme kidogo mno, lakini haina mkato wa AT. Hupungua mwendo baridi ikizidi, hupungua mwendo joto likizidi, na kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri inachelewa kiasi cha sekunde 12 au 13 kwa siku. Mita inayobadilisha bei ya umeme kwa saa haiwezi kuvumilia hilo bila kurekebishwa. Nayo huuawa kwa namna ya ajabu: bodi ikioshwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti ya kilohezi 40, au kasha la plastiki likiunganishwa kwa mashine ya mawimbi hayo, meno ya uma yanatetema hadi yanakatika. Aliyechagua vizuri huandika kwenye maelekezo ya kiwanda kwamba bodi hiyo haioshwi hivyo. Uchaguzi wake unaendelea mpaka kwenye sakafu ya kiwanda.

Kuna cheti kinachosaidia. Baraza lililoanzishwa na Chrysler, Ford na Delco katika miaka ya 1990 liliweka taratibu za majaribio ya vipuri vya elektroniki vya magari, na zile za kristali zimo katika AEC-Q200: saa 1,000 kwenye joto kali, saa 1,000 kwenye nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, mizunguko 1,000 ya baridi na joto, mishtuko, mtetemo. Bila cheti hicho sinunui kipuri cha gari. Lakini cheti kinasema kipuri hakivunjiki. Hakisemi kwamba kitaanza kutetema na chipu yako, kwenye bodi yako, siku ya baridi, na hilo lazima lipimwe kwa mkono.

Jambo hili linatuhusu Afrika Mashariki kwa karibu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na mengi ya yanayoshuka bandarini Mombasa yametumika Japani karibu muda huo wote. Maana yake osileta yake inaanza maisha ya pili ikiwa imeshakula miaka minane ya uzee, kisha inakabidhiwa barabara zenye mashimo, vumbi linaloingia kila penye upenyo, na unyevu wa chumvi wa pwani unaoweza kutambaa chini ya kapasita na kuiba umeme mdogo ambao saa inautegemea. Mhandisi aliyeichagua huko Japani hakuwaza barabara ya Lamu. Lakini ikiwa alidai nguvu mara tano badala ya mara mbili, na akaagiza bodi ipakwe rangi ya kinga, mwenye gari wa Lamu anaishi juu ya akiba hiyo.

Mafundi wetu wanaotengeneza kompyuta za magari wanakutana na kazi ya mhandisi huyo moja kwa moja. Ukigusa mguu wa kristali kwa kalamu ya kipimo, kalamu yenyewe inaongeza pikofaradi kama 10, na hiyo yatosha kuizimisha saa nzima, au kuianzisha iliyokuwa imekufa, fundi akadanganyika kwa namna zote mbili. Kwa hiyo wabunifu wazuri huagiza chipu itoe nakala ya mapigo kwenye mguu mwingine, na kwenye bodi wanaacha kiduara cha shaba kilicho wazi, chenye alama yake, mbali na jiwe. Fundi anaweka kalamu hapo, anasoma megahezi zake, na anajua papo hapo kama shida iko kwenye saa au atafute kwingine.